Ushuhuda wa Barabara ya Kabuta

Kwenye matanga ya Yaya Mukalayi, kaka mkubwa kwa heshima tu, pale Kabuta kando ya ziwa, binti mmoja wa ukoo wake aliniletea sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki, akapiga magoti kunimiminia maji ya kunawa, kisha akaniuliza kwa heshima: "Mama, weye uko nani yake na marehemu?" Sikuwa dada yake, wala shemeji, wala hatukutoka kijiji kimoja kule ng'ambo, Kongo. Nikamjibu, "Tulianguka pamoja," naye akatabasamu, akadhani ni utani wa wazee, akaenda kuhudumia wengine. Nilikula polepole. Samaki alikuwa mpale, aina ya perege, amekaangwa vizuri kabisa, lakini mawazo yalikuwa yameshanirudisha kwenye ule mwaka mmoja ambao, nikiupima na miaka yangu mingine yote, naona ndio ulionifundisha kazi ya kuishi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliishi kwa Yaya Mukalayi na mkewe, Mama Riziki, ambao walinipokea bila kuniuliza maswali mengi. Nilifikaje kwao ni habari ndefu na sina hamu ya kuianza. Sisi tuliovuka ziwa wakati ule kukimbia vita tunafanana habari. Niseme tu juu ya nyumba. Ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, na cha nyuma kiligawanywa katikati, si kwa ukuta bali kwa mkeka wa matete uliosimamishwa kwa miti. Mimi nililala upande mmoja na mtoto Riziki, wao upande wa pili, na chumba cha mbele kilikuwa cha kinga. Kinga, yaani baiskeli, ndivyo tunavyoiita kwetu. Ililala ndani, imeegemea ukuta wa dirishani, na wakati wa kula tuliketi chini tukaizunguka, mtu akitaka chumvi ilibidi apitishe mkono kati ya matairi. Nyumba nzima ilinuka chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, na mafuta ya mnyororo. Yaya Mukalayi alikuwa ameiongezea kinga yake vyuma nyuma ili ibebe matenga mawili makubwa ya samaki, akawa anawapeleka Kashikishi sokoni, mwendo wa saa mbili na zaidi juu ya udongo mwekundu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipiga kengele kwa kila mama aliyepita, akamsalimia kwa Kibemba kibovu alichojitungia mwenyewe, na kina mama walimpenda kwa ajili hiyo. Bukari yake alikula tonge kubwa kuliko mdomo, na Mama Riziki alikuwa akimwambia, "Baba Riziki, tafuna, hakuna mutu anakufukuza."

Siku yenyewe nilimwomba anipeleke Kashikishi. Nilikuwa najifunza kushona na nilitaka uzi. Alinipandisha juu ya tenga, na tukaenda asubuhi ya kiangazi, jua likiwa changa, yeye akiimba nyimbo za korali, mimi nikimsahihisha sauti. Kwenye mteremko mmoja kamio, yaani lori, lilitokea mbele yetu, limejaa magunia, likiwa limeingia upande wetu ili kukwepa shimo. Yaya alikata usukani. Gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, na badala ya kuangukia majanini tukaangukia barabarani. Nakumbuka nililala kwa ubavu, nikaona chini ya lile kamio, vyuma vyake vyeusi vyenye mafuta, na mawazo niliyokuwa nayo ni kwamba sijawahi kuona kamio likiwa upande huo. Kisha tairi la nyuma likapita. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani. Kilivutwa, kikachanika, nusu ikaenda na tairi. Kichwa kilibaki.

Baada ya hapo kulikuwa na ukimya ambao mpaka leo sijausikia tena. Panzi walilia majanini. Samaki walikuwa wametapakaa kwenye vumbi, wengine wamepondwa, wengine waking'aa safi kabisa. Nilinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja, nikashangaa kuwa vinatii. "Feza, uko?" Yaya Mukalayi aliniita. Nikasema, "Niko." Akauliza tena, "Uko?" Nikasema, "Niko, Yaya." Aliuliza labda mara kumi, akiwa amekaa katikati ya barabara na miguu ameinyoosha mbele, na kila mara nilijibu, kwa sababu na mimi nilihitaji kusikia. Dereva alisimama mbali, akashuka, akashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa majanini. Alipotuona tumesimama wote wawili akarudi garini, akaondoka. Sikuwa na jeraha isipokuwa goti lililochubuka. Mungu wangu, goti tu. Nimezaa watoto wanne na nimezika wazazi, lakini sijui kama nimewahi kusimama karibu na kitu kikubwa kama nilivyosimama siku ile, na goti langu likitoka damu kidogo.

Nyumbani walipiga vigelegele. Mama Riziki alichinja kuku wake wa mayai, akampika kwa mafuta ya mawese, na majirani wakaja kunigusa mabega na mgongo kuona kama kweli niko mzima. Pasta wetu naye alikuja, akala paja, akafuta mikono, akasema: "Bon. Yenga hii, dada Feza, utasimama." Yenga ndiyo Jumapili, na sikuwa na haja ya kuuliza kusimama wapi. Kanisani kwetu mtu aliyepona anatoa ushuhuda, na ushuhuda una njia yake ambayo kila mtu anaijua hata kabla hajafungua mdomo. Kwanza unaeleza hatari. Halafu unaeleza mkono wa Mungu. Mwisho unasema, "Na sasa siogope kitu," na korali inaingia. Sijawahi kusikia ushuhuda ulioishia pengine. Basi, siku ya nne baada ya kuanguka, nikasimama na kile kipande cha kitambaa mkononi, nikaeleza kamio, nikaeleza mkono wa Mungu, nikamaliza kama watu wote wanavyomaliza. Wamama walipunga leso. Nilijiona mkubwa. Yaya Mukalayi alikuwa kwenye benchi la nyuma. Walipomwita naye aseme, alionyesha koo lake, kwamba sauti imekauka.

Kesho yake Mama Riziki alinituma mafuta dukani, ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara tu, hatua ishirini. Nilifika ukingoni nikasimama. Hapakuwa na gari, hapakuwa hata na kinga. Miguu ilikataa. Niliitazama kama miguu ya mtu mwingine, nikaisemesha, nikaitukana, wapi. Jasho lilinitoka kwenye viganja. Nilirudi nikasema duka limefungwa. Tangu siku ile nikawa mtaalamu wa uongo mdogo mdogo. Nilifua ziwani badala ya kwenye bomba, kwa sababu bomba lilikuwa upande ule. Kinu cha kusaga kilipowashwa nilijibana ukutani mpaka nikumbuke kuwa ni kinu. Uzi wangu niliagiza kwa watu. Na sikuweza kumwambia mtu, maana ningemwambia nini? Nilikuwa nimetangaza mbele ya kanisa zima, Mungu akisikia, kuwa siogopi kitu. Mtu akiogopa halafu akasema, anafarijiwa. Mimi nilikuwa nimejifungia mlango huo mwenyewe, tena kwa kuimba.

Halafu ushuhuda ukaanza kutembea bila mimi. Kanisa la Puta, juu kule Chienge, lilisikia likataka niende. Pasta alifurahi, akasema atapata nafasi kwenye gari la wafanyabiashara. Nikamwambia afadhali mashua, kwamba nimeombewa na roho yangu inapenda maji. Aliitikia kwa uzito kana kwamba nimesema neno la maana. Mwenye mashua alikuwa ba Mwape, ba likiwa neno lao la heshima, mzee wa Kibemba aliyeuza samaki na sisi Wakongo kiasi cha kujua Kiswahili cha kutosha kututania. Tulipokuwa tumeiacha pwani mbali akaniuliza, akiniita mama kwa Kibemba, "Mayo, unajua kuogelea?" Nikasema hapana. "Ata kidogo?" Ata kidogo. Akaacha kupiga kasia, akatikisa kichwa kukataa. "Awe, mayo. Unakimbia njia, njia haina na maji. Unakuya huku, huku yote ni maji. Nani alikufundisha ile akili?" Alicheka mpaka mashua ikatikisika. Lakini mimi sikuwa naogopa. Hilo ndilo lililonishangaza. Ziwa Mweru lilikuwa limefunguka pande zote, milima ya Kongo imesimama upande mmoja, ya buluu, na upande wa pili hakuna kitu isipokuwa mwanga, na chini yangu maji ambayo yangenimeza bila kutoa sauti. Nilitia mkono ndani yake nikahisi utulivu kabisa. Nilijiuliza woga unachagua vipi. Ziwa hili lilikuwa limekula watu niliowajua kwa majina, na moyo wangu haukulitambua kama adui; lakini udongo mwekundu usio na gari ulinitoa jasho.

Puta nilishuhudia kwa ufasaha zaidi. Chisenga, kisiwani, nilikoenda pia kwa mashua, nilishuhudia kwa ufasaha zaidi ya Puta. Wavuvi waliacha nyavu wakaja kunisikiliza, na kamio lilikuwa limeongezeka ukubwa. Watu walinipa jina, Dada Kamio. Kila mara nilifika kwenye "siogope kitu" na kila mara nilihisi kama mtu anayemeza mfupa wa samaki akijua ni mfupa.

Wakati huo wote kinga ilikuwa imesimama ukutani. Yaya Mukalayi alisema mnyororo umekatika. Kisha mnyororo ukapona, tairi likaugua. Kisha ikawa samaki ni wachache. Mvua zilipoanza akasema njia ni matope. Alikuwa anawashonea watu nyavu uani, ameinama, na zile nyimbo za korali hazikusikika tena. Tonge zake zilikuwa ndogo. Nami, jamani, niliamini habari za mnyororo. Nilikuwa nimeshughulika mno kuficha woga wangu hata sikuwa na jicho la kuona wa mwingine, na tulikuwa tukila sahani moja.

Nilijua alasiri moja ya mvua, homa imenilaza. Walidhani nimelala. Mama Riziki alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, chumba cha mbele, kisha mchi ukanyamaza, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini: "Baba Riziki, ile kinga itaota majani. Ule mutoto mwanamuke alisimama mbele ya batu, akasema haogope. Na weye mwanaume?"

Mvua ilipiga nyasi za paa. "Ule iko na Mungu yake," akasema. "Miye Mungu aliponesha mwili, roho akaiacha kwa barabara. Kila nikishika usukani naona kichwa yake chini ya tairi. Kila siku, Mama Riziki. Nasikia haya. Katoto kanamuke kananishinda miye." Akaongeza: "Nitavuka. Kisha Yenga nitalomba ba Mwape anivushe. Nitatafuta kazi ingine kule, pahali batu hawanijui."

"Kule bado banapigana," akasema Mama Riziki.

"Najua."

Nililala nimekodoa macho kwenye matete. Sikujua kwamba maneno yangu yanaweza kumfikia mtu namna hiyo, yakaingia ndani yake yakakaa yakimsema mchana kutwa. Mtu mwenye misuli ile ya miguu, mtu aliyesalimia barabara nzima. Nilikuwa nimesimama na leso zikapungwa, na yeye kwenye benchi la nyuma akajihesabu kuwa si mwanaume. Na sasa alikuwa anarudi kwenye bunduki kwa sababu ya sentensi niliyoisema kwa kuwa ndivyo watu wanavyomaliza.

Jioni, tukiwa tumeizunguka sahani, nikajikaza. "Yaya," nikasema, "miye pia naogopa. Sijavuka barabara tangu siku ile." Alinitazama kwa upole ambao ulinichoma kuliko kofi. "Feza, asante," akasema. "Unanifunika. Lakini nilikusikia na masikio yangu. Mbele ya Mungu hakuna mutu anadanganya." Akanisogezea kipande kizuri cha samaki, kile cha tumboni, akala sombe yake. Nikaelewa kuwa pale sahanini sitaaminika. Uongo nilikuwa nimeusemea madhabahuni, na ilinilazimu kuurudia pale pale.

Jumapili nilinyoosha mkono wakati wa shuhuda. Pasta akatabasamu, akageukia korali iwe tayari. Nilishika benchi la mbele yangu. Nikasema: "Nakuya kuondoa ushuhuda yangu." Watu wakacheka kidogo, wakidhani nimekosea. "Nilisema siogope. Nilidanganya. Naogopa. Siku nne kisha kuanguka nilisema siogope, na siku ya tano sikuweza kuvuka njia kununua mafuta. Mpaka leo sivukage. Puta na Chisenga nilienda na mashua kwa sababu ya woga, si ya roho. Kamio ilipita, lakini miye ningali naisikia kwa kinu. Ile mukono ya Mungu ni kweli. Ile ya mwisho njo ya uongo." Nikakaa.

Korali haikujua la kufanya. Mpiga ngoma aliinua mikono akaishusha. Pasta alifungua Biblia, akaifunga. Nilisikia bati la paa likilia kwa joto, nikafikiri watanitenga. Kisha mama mmoja mjane, mkaangaji wa vitumbua ambaye sikuwahi kumsikia kanisani ila akiitikia amina, akasimama. "Miye naogopa maji," akasema. "Naishi kwa kando ya ziwa, naogopa maji. Mutoto akienda kuoga, nasimama kwa mulango mpaka arudie." Akakaa. Mvuvi mmoja mwenye shingo nene akasimama: "Kila asubui nikisukuma mutumbwi, tumbo inanikata. Mwaka ya kumi na mbili sasa. Bibi yangu hajue." Mkewe alikuwa pale pale, akageuka akamtazama. Akasimama mwingine, na mwingine. Mmoja aliogopa mlango kugongwa. Mmoja aliogopa kulala akiwa amevua viatu. Hakuna aliyepunga leso. Walisimama, wakasema, wakakaa, na mimi nilitazama watu niliokuwa nikiimba nao kwa miezi mingi kana kwamba ndiyo kwanza wameingia. Wote walikuwa wanaogopa, na wote asubuhi walikuwa wamefua nguo zao nyeupe wakaja. Mwisho Pasta mwenyewe akasema, akitazama chini, kuwa tangu avuke ziwa hajaweza kulala chumba kimoja na dirisha, na tukaenda nyumbani bila wimbo wa kufunga.

Yaya Mukalayi hakusimama. Nilimtazama mara moja tu. Alikuwa ameinamisha kichwa na mikono ameibana kati ya magoti. Nyumbani alikula, alipomaliza akaenda uani. Jumatatu ba Mwape alimngojea na mashua, jua likapanda, ba Mwape akaenda peke yake. Mama Riziki alipika bukari nyingi kupita kiasi na akawamwagia kuku iliyobaki, yeye ambaye hakuwahi kutupa chembe.

Jumanne asubuhi nilisikia mnyororo. Nilitoka nikamkuta amesimama mbele ya nyumba, kinga mkononi, matenga matupu nyuma, mashavu yake yamekakamaa. "Tuisukume," akasema. "Tufike pale tu. Kisha tutaona." Tulikwenda kwa miguu, yeye upande mmoja wa usukani, mimi upande wa pili, na ukingoni mwa barabara nilisimama, naye akasimama nami bila kunivuta, mpaka mguu wangu wa kulia ukaamua. Mwendo ulikuwa mrefu. Tulisalimiwa na kila mtu na hatukuweza kuitikia vizuri. Pale kwenye mteremko mchanga ulikuwa mchanga tu. Mvua ilikuwa imefuta kila kitu na majani yamemea mpaka kiunoni. Nilidhani patakuwa na alama. Tukasikia gari kabla ya kuliona. Tuliburuta kinga tukaingia majanini mbali kabisa, mbali kuliko akili inavyotaka, tukasimama tumeshikana mikono kama watoto, mkono wake umelowa kama wangu. Kamio likapita. Ardhi ilitetemeka ikaingia kwenye nyayo zetu, vumbi likatufunika, likatulia polepole juu ya majani, na sisi bado tulikuwepo.

"Ungali unaogopa?" akaniuliza.

"Ningali."

"Na miye." Akaivuta kinga hadi barabarani, akafuta kiti kwa kiganja, akapitisha mguu. "Bon," akasema bila kugeuka. "Panda."